Baridi ya Tangi, Mionzi ya Mtoto

Siku moja ya mwezi wa sita haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu, na kila nikiikumbuka naona aibu kwanza, halafu ndiyo nacheka. Ilikuwa Jumanne. Huku kwetu Kibondo mwezi wa sita si wa mchezo. Asubuhi ukungu unalala juu ya migomba, na mtu ukimsalimia anakujibu huku meno yanagongana. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mpiga picha za eksirei katika hospitali ndogo ya misheni, nje kidogo ya mji. Jina la hospitali hiyo silitaji. Kosa nitakalokusimulia lilikuwa langu, na sipendi watu wengine wasemwe kwa ajili yangu.

Usije ukanihurumia mapema, kwa hiyo nikuambie nilivyokuwa. Nilikuwa na maringo. Nilitoka chuoni Dar es Salaam na cheti changu na viatu vya kisigino, na ingawa udongo mwekundu ulivimaliza vile viatu ndani ya mwezi mmoja, maringo yalibaki. Wagonjwa waliniita daktari wa picha. Sikuwa daktari hata kidogo, lakini sikumsahihisha mtu.

Katika chumba cha eksirei tulikuwa wawili, mimi na Mzee Bukuru. Huyu ndiye aliyekuwa na chumba cha giza, pale tulipoosha filamu. Ninyi wa kompyuta hamkuziona taabu hizo, basi nivumilie nikueleze. Ukishampiga mtu picha, filamu ilikuwa tupu, haina kitu. Ilibidi uitumbukize kwenye tangi la dawa, gizani, ndipo mifupa ijitokeze kidogo kidogo. Dawa ile ilitaka joto lake. Ikiwa ya baridi inafanya kazi kwa uvivu, na filamu inatoka hafifu, mifupa huioni vizuri.

Sasa Kibondo mwezi wa sita, ndani ya chumba kisicho na dirisha, sakafu ya saruji, unadhani tangi lile lilikuwaje? Ukitia kidole unakitoa haraka. Picha zilitoka hafifu. Na dawa ya tatizo hilo aliyonifundisha Mzee Bukuru wiki yangu ya kwanza ilikuwa rahisi sana. Kwenye mashine palikuwa na swichi ya kuzungusha, ya kuchagua mionzi itoke kwa muda gani. Alinishika mkono, akaizungusha alama moja mbele.

"Hii, binti, tunaiita moja ya baridi," alisema. "Chuoni hawaijui. Kule kwenu kuna joto."

Nikaipenda. Ilikuwa siri ya kazi, siri ya watu wa milimani, nami niliona fahari kupewa. Kila mgonjwa aliyekuja, mkubwa kwa mdogo, nilimpiga kwa kipimo chake, halafu nikamwongezea moja ya baridi.

Jumanne hiyo akaja Bibi Verediana, mwanamke wa Titye, kule upande wa Kasulu, amembeba mgongoni mjukuu wake wa miaka mitano. Mtoto aliitwa Skola. Alikuwa na kifua kikuu cha uti wa mgongo, ugonjwa unaokula pingili za mgongo mpaka mtoto anapinda na asipotibiwa hatembei tena. Ugonjwa wake uligunduliwa Kasulu, wakampiga picha huko, wakamwanzishia vidonge. Kisha bibi yake akahamia kwa binti yake Kibondo, ndiyo maana wakaletwa kwetu. Vidonge alikuwa amevimeza miezi mitatu, na daktari wetu, Dokta Shirima, alitaka kujua kama vinafanya kazi.

Nilimpiga picha. Ikatoka ya ukungu. Mtoto alikuwa ametikisika, maana muda wa mionzi ulikuwa mrefu na mtoto wa miaka mitano hawezi kukaa kama gogo. Nikampiga ya pili. Nayo ukungu. Dokta Shirima alizishika zote mbili dirishani, akakunja uso. Alikuwa mtu wa Rombo, mpole, lakini siku zile kijiji kizima kilimtegemea na alikuwa amechoka.

"Naona kivuli hapa," alisema. "Sijui ni mfupa unaoliwa au ni picha mbovu. Ijumaa nipe picha ya kueleweka. Nikiendelea kuona kivuli hiki, nitalazimika kumwanzishia sindano, kila siku, miezi miwili."

Mimi na yeye tulijua sindano hizo ni za namna gani. Zilikuwa zinaokoa watu, sikatai, lakini kwa wengine zilichukua masikio yao. Tulikuwa na kijana mmoja wodini ambaye alipona kifua, akatoka hasikii hata kengele ya kanisa. Dokta Shirima hakuwa akipenda kuziandika kwa mtoto. Angefanya hivyo tu kama vidonge vimeshindwa, na cha kumwambia kama vimeshindwa au la kilikuwa picha yangu.

Tulikuwa tunawasha jenereta kwa ajili ya eksirei siku mbili tu za wiki, Jumanne na Ijumaa. Siku ilikuwa haijaisha, jenereta bado inanguruma, nikasema nijaribu mara ya tatu palepale. Nikaenda kumchukua mtoto benchi la nje. Bibi Verediana akaweka mkono juu ya mguu wa Skola, akakataa.

"Oya," alisema. "Hapigwi tena."

"Bibi, daktari anataka picha."

"Mwenye mtoto huyu ni mimi, si daktari. Kwanza wewe mukobwa, binti wa watu, hujanisalimu tangu asubuhi."

Kweli, sikuwa nimemsalimu. Hapa kwetu kumpita mtu mzima bila salamu ni kumtukana, nami nilikuwa nimempita mara tatu na karatasi zangu. Nikasema shikamoo ya haraka haraka. Akaitikia taratibu, akaniuliza habari za nyumbani, za wazazi, za mashamba, moja baada ya nyingine, na nikalazimika kujibu zote nikiwa nimesimama. Alipomaliza ndipo akasema lililokuwa moyoni mwake.

"Kule Kasulu, mashine ilipompiga mtoto ilisema nzi. Imekwisha. Hapa kwenu inasema nziiiiiiii, mpaka mtoto anaogopa anacheza miguu. Kwa nini hapa inakaa sana?"

Mwanangu, hapo ndipo nilipofanya upumbavu wangu. Badala ya kujiuliza, nilimcheka. Nikamwambia, tena mbele ya watu waliokaa pale benchi, "Bibi, wewe eksirei umesomea wapi?"

Bibi Verediana hakukasirika, na afadhali angekasirika. Alifungua kikapu chake, akatoa bahasha ya kaki iliyokunjwa kunjwa, akanipa. Ndani yake mlikuwa na filamu ya Kasulu. Niliinyanyua kwenye mwanga. Pingili za mgongo wa Skola zilionekana moja moja, na ile iliyoliwa na ugonjwa ilionekana wazi, kama hindi lililong'atwa upande. Ilikuwa picha nzuri kuliko yoyote niliyowahi kuitoa katika chumba changu.

"Mimi sikusoma, ego, ni kweli," alisema. "Lakini matwi ninayo, nasikia. Nieleze."

Nikaeleza. Sikuwa na pa kukimbilia. Nikamwambia kwetu kuna baridi, dawa ya kuoshea filamu inapoa, picha inatoka hafifu, kwa hiyo tunaongeza mionzi kidogo kwa mgonjwa ili picha ionekane. Nilipokuwa nikieleza niliyasikia maneno yangu mwenyewe kwa mara ya kwanza, na sauti yangu ikawa inapungua.

"Kumbe maji yenu ndiyo yanasikia baridi," alisema Bibi Verediana. "Sasa mtoto amekosa nini? Sisi maharage yakikataa kuiva tunaongeza kuni. Hatuongezi maharage."

Benchi zima likacheka. Nilirudi ndani, nikafunga mlango, nikalia, na sikulia kwa sababu ya kuchekwa. Nililia kwa sababu nilijua. Chuoni tulifundishwa joto la dawa ile, tuliliimba kama watoto wa darasa la kwanza, na tulifundishwa kwamba mionzi ni kitu cha kupimiwa mgonjwa kwa uangalifu kama dawa, na mtoto zaidi ya mtu mzima, kwa sababu mwili wake bado unajijenga na ana miaka mingi ya kuishi nao. Yote hayo nilikuwa nimeyaacha stendi ya basi siku niliyofika, kwa sababu mzee mmoja mwenye uzoefu aliniambia chuoni hawajui. Na ile mionzi ya ziada ilipita tumboni mwa mtoto wa kike ambaye siku moja angetaka kuzaa.

Nilikuwa na Jumatano na Alhamisi. Ijumaa Skola angerudi, kama bibi yake angekubali, na picha ile ndiyo ingeamua habari ya sindano.

Jumatano asubuhi nilikwenda kwa muuguzi wa chanjo nikamwomba kipimajoto cha friji yake. Aliniazima kwa masharti mengi kuliko ya harusi. Nikakitia ndani ya tangi la dawa. Kilisoma kumi na nne. Chuoni walituambia ishirini.

Mzee Bukuru aliponiona nimeinama juu ya tangi lake na kipimajoto cha chanjo, alikasirika.

"Unapima homa ya maji?"

"Ndiyo, mzee. Yanaumwa."

"Binti, mkono huu umeosha filamu kabla mama yako hajaolewa. Ukipasha dawa moto inaharibika."

Hapo alikuwa na ukweli nusu, na ukweli nusu ndio mgumu kubishana nao. Ukiichemsha inaharibika, lakini mimi sikutaka kuichemsha. Nilikwenda jikoni kwa wapishi, nikaomba maji ya moto, nikaleta beseni kubwa la kufulia, nikalisimamisha tangi ndani yake, nikamimina maji ya moto pembeni. Nikakoroga, nikasubiri, nikasoma. Kumi na sita. Nikabadilisha maji. Kumi na nane. Mzee Bukuru alikaa kwenye stuli yake amekunja mikono, wala haondoki. Ilipofika ishirini nilipiga kelele peke yangu kama mtu aliyefunga goli.

Lakini dawa kuwa na joto ilikuwa nusu ya kazi. Sasa ilibidi nijue mgonjwa apewe mionzi kiasi gani, na sikuwa tayari kujaribia kwa mtu. Nilifikiri sana, mwisho nikaenda sokoni kwenye bucha la mzee mmoja wa Kimanyema, nikamwomba mgongo wa mbuzi, mzima, usikatwe, wenye nyama yake pande zote.

"Pilau?" akauliza.

"Eksirei," nikajibu.

Aliweka kisu chini. "Sista, mbuzi wangu nimemchinja mimi mwenyewe. Alikuwa mzima, hana ugonjwa!" Nilimweleza mpaka akaelewa, na alipoelewa alikataa kunikatia kipande kibaya, akachagua mgongo wa mbuzi mdogo anayekaribia unene wa mtoto. Kutoka siku hiyo alitangaza soko zima kwamba nyama yake inapimwa hospitali.

Bahati ikaniangukia Alhamisi. Aliletwa mama wa kupasuliwa ili ajifungue, jenereta ikawashwa nje ya ratiba. Nilimkimbilia Dokta Shirima akiwa ananawa mikono, nikamwomba ruhusa ya kutumia umeme huo na filamu chache nimpige picha mbuzi. Aliacha kunawa, akanitazama. Nadhani alikuwa anajiuliza kama baridi imenipanda kichwani.

"Filamu nne," alisema. "Halafu unieleze."

Nikamlaza mbuzi wangu mezani. Filamu ya kwanza nilipiga kwa kipimo tulichokuwa tunampigia mtoto, pamoja na moja ya baridi. Nilimwomba Mzee Bukuru aioshe yeye mwenyewe, kwa dawa yenye joto lake, dakika zake kamili kwa saa ya ukutani, bila kuichungulia katikati na kuitoa mapema kama tulivyozoea. Akaingia nayo. Akatoka nayo. Ilikuwa nyeusi. Mwanangu, nyeusi kama sufuria ya msibani, hakuna mbuzi humo wala mfupa.

"Ondoa moja," alisema kwa sauti ndogo.

Nikaondoa moja. Nyeusi bado. Nikaondoa ya pili. Tukaanza kumwona mbuzi kwa mbali. Nikaondoa ya tatu, na filamu ya nne ilipotoka tuliinyanyua wote wawili chini ya taa. Kila pingili ilikuwa na ukingo wake. Hata mishipa midogo ya mfupa uliiona. Na mashine mara hii ilikuwa imesema nzi, basi.

Tulikuwa tunadhani tumeongeza alama moja, kumbe zilikuwa tatu. Mzee Bukuru ndiye aliyeeleza, na ninampenda mpaka leo kwa sababu hakuna aliyemlazimisha. Alikaa kwenye stuli akasema kwamba kila mwaka, baridi ikianza, alikuwa anaongeza moja kwenye vipimo tulivyovifuata. Mwezi wa tisa joto likirudi, hakuna aliyekumbuka kuiondoa. Picha zikizidi weusi, alizitoa kwenye dawa mapema ili zisiharibike. Baridi ya mwaka mwingine ikija, anaongeza moja nyingine juu ya ile ya zamani. Watu wote wa wilaya yetu waliopita kwenye meza ile walibeba baridi za miaka iliyopita.

"Mbuzi ameniaibisha," alisema. Kisha akasimama, akachukua beseni, akasema, "Kesho maji ya moto nitaleta mimi. Wewe utachelewa."

Tulimla yule mbuzi siku hiyohiyo, sisi na wapishi, na Dokta Shirima alipotoka chumba cha upasuaji, mama mzima na mtoto mzima, tukamwekea sahani. Nyama haibaki na mionzi, usiogope. Alikula huku anaitazama filamu ya nne, mafuta yanachuruzika kidoleni, akaniambia niandike kila kitu nilichofanya, hatua kwa hatua, ili hata mtu asiyenipenda aweze kurudia na aone ninayoyaona. Hilo nalo nilikuwa nimefundishwa na nimelisahau.

Jioni ile, jua halijazama, nilitembea mpaka nyumba ya binti yake Bibi Verediana. Nilianza na salamu. Nilipiga goti, nikauliza habari za nyumbani, za wazee, za mashamba ya Titye, za kuku, sikuacha kitu. Kisha nikamwomba radhi kwa lile neno nililomwambia benchini. Nikamweleza habari ya tangi, ya beseni, ya mbuzi. Nilipofika kwenye mbuzi alicheka mpaka akashika ubavu.

"Basi mlimpa mbuzi kwanza," alisema. "Hapo mmefanya kama watu. Nitamleta, mwana wanje, mwanangu. Lakini nitasimama mlangoni nasikiliza."

Ijumaa akamleta. Mzee Bukuru alikuwa amefika kabla ya kila mtu, tangi lina joto lake, kipimajoto kimening'inizwa kwa uzi. Nilimfunika Skola aproni nzito ya risasi, isiyopitisha mionzi, pale ambapo mionzi haikuhitajika, nikamwambia atulie kama anayejificha. Bibi yake alisimama nami nyuma ya ukuta, sikio mbele. Nikabonyeza.

Nzi.

"Imekwisha?" aliuliza.

"Imekwisha, bibi."

"Haya," alisema, "hiyo sasa ni ya Kasulu."

Tukasubiri dakika zile. Sijawahi kusubiri vile, hata siku ya matokeo yangu ya mtihani. Mlango wa chumba cha giza ulipofunguliwa, Mzee Bukuru alikuwa ameishika filamu kwa mikono miwili, inadondosha maji, na alikuwa anatabasamu kama bwana harusi. Hatukungoja ikauke. Dokta Shirima aliiweka dirishani, pembeni yake akaweka ile ya Kasulu ya miezi mitatu nyuma. Akatazama huku, akatazama kule. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Ile pingili iliyokuwa imeng'atwa ilikuwa imeanza kujaa. Ukingo wake ulikuwa mweupe na mgumu, mfupa mpya. Kile kivuli tulichokiona Jumanne hakikuwa ugonjwa. Ilikuwa ni picha yangu mbovu, mtoto kutikisika kwa sababu ya muda mrefu niliompiga bure.

"Anapona!" Dokta Shirima alipaza sauti, yeye mpole yule, mpaka wodi ya wanaume wakachungulia. "Vidonge vinafanya kazi. Hakuna sindano!"

Bibi Verediana alipiga vigelegele vilivyofika barabarani. Wanawake wa benchi la kliniki wakaitikia bila kujua wanachoshangilia, na walipoambiwa wakashangilia upya. Skola mwenyewe aliomba ugali. Na unajua daktari alifanya nini baada ya hapo? Alimpima uzito, akakuta ameongezeka, akaandika vidonge vyake viongezwe kidogo, kwa sababu vile vya awali vilikuwa vya mtoto mwembamba aliyeletwa Kasulu miezi mitatu nyuma. Siku moja, mtoto mmoja, mionzi tukaipunguza na dawa tukaiongeza, na yote mawili yalikuwa sahihi.

Wiki iliyofuata tuliandika karatasi mpya ya vipimo, ya watoto peke yake na ya watu wazima peke yake, wembamba na wanene, tukaibandika ukutani pamoja na joto la tangi. Kijana mwenzangu wa eksirei kutoka Kakonko alisikia, akapanda basi, akaja kuinakili kwa mkono wake, akaenda kuipima upya kwenye mashine yake kabla hajaitumia, maana nilimkataza kuniamini hivihivi. Dokta Shirima aliieleza habari yetu kwenye mkutano wa madaktari Kigoma mjini, na akamtaja Bibi Verediana kwa jina, kwamba yeye ndiye aliyeuliza swali. Na siku mkaguzi wa mionzi alipotutembelea na kifaa chake, alipima, akapima tena, akampa Mzee Bukuru mkono. Mzee hakuuosha mkono ule mpaka kesho yake, au ndivyo alivyodai.

Skola sasa ni mwalimu Kasulu. Anafundisha kwaya ya shule. Ana mgongo ulionyooka kuliko wangu, na mwaka huu amejifungua mtoto wa kike. Alinipigia simu kutoka wodini, hajamaliza hata kunisalimu mtoto akalia, akaniambia, "Subiri, mama, namsikia anataka kunyonya." Namsikia! Nilikata simu nikacheza peke yangu sebuleni, bibi mzima wa miaka yangu.

Sasa nisikilize, wewe unayeanza kazi. Chumba chako kina kompyuta, hakina tangi wala giza, na umeme wa gridi umefika mpaka huku kwetu. Usidhani umeokoka. Mimi nilipozidisha, filamu ilikuwa nyeusi ikanisuta. Kompyuta yako ni mstaarabu mno, haikusuti. Ukizidisha inakutengenezea picha inayong'aa, na daktari anakusifu, na mgonjwa amebeba mzigo ambao hakuna aliyeuona. Kwa hiyo picha kuwa nzuri isikutoshe. Tazama ile namba ya mionzi pembeni ya kioo, kila mgonjwa, na ujiulize kama ingeweza kuwa ndogo zaidi na daktari bado akaona anachohitaji kuona.

Ukikuta umeongeza kitu, mionzi au kidonge au sindano, uliza sababu iko wapi. Ikiwa iko mwilini mwa mgonjwa, ongeza bila woga, maana kumpunja mgonjwa nako ni kumdhuru. Ikiwa iko kwenye mashine, au kwenye haraka yako, au kwenye mazoea uliyorithi kwa mtu unayemheshimu, itibu hukohuko iliko na umwache mgonjwa. Waheshimu waliokutangulia, lakini wapime. Wakiwa wakweli watakushukuru kama Mzee Bukuru. Na mtu wa benchini akikuuliza swali, hata kama hajui kusoma, kaa chini umjibu mpaka mwisho, kwa sababu unapojieleza ndipo unapojisikia unavyokosea.

Nami nakubariki, mwanangu. Mungu akupe jicho la kuona kidogo kinachotosha, na ujasiri wa kusema nilikosea kabla hujazeeka. Wagonjwa wako watoke mlangoni kwako wakiwa wazima kuliko walivyoingia, na watoto wao, ambao hutawajua kamwe, wazaliwe salama. Haya, nenda. Wanakusubiri, na anza kwa kuwasalimu.